Kwa nini utumbo hujifanya upya upesi, lakini moyo karibu haupati misuli mipya?

Umeuliza kama seli zote hugawanyika kwa kasi moja. Hapana, kila aina ina ratiba yake.

Utando wa ndani wa utumbo mwembamba hujifanya upya kila siku 3 hadi 5 hivi, kwa sababu asidi, vimeng'enya na msuguano wa chakula huuchakaza mfululizo. Seli nyekundu ya damu haina kiini, kwa hiyo haiwezi kugawanyika kabisa: huishi siku 120 hivi, na uboho wa mifupa hutengeneza nyingine. Ini lenyewe hutulia, ila likikatwa sehemu, seli zilizobaki huamka na kuanza kugawanyika. Seli za misuli ya moyo hugawanyika kwa nadra mno, ndiyo maana baada ya shambulio la moyo panabaki kovu.

Kabla ya mgawanyiko wa kawaida, mitosisi, seli hunakili DNA (maelekezo ya urithi) yote. Kisha kromosomu 46 (vifungu vya DNA), kila moja ikiwa na nakala mbili zilizoshikana, hujipanga katikati ya seli, nyuzi huzivuta nakala pande mbili, na kila seli mpya hupata 46. Kabla ya kuvuta, seli husubiri hadi kila kromosomu ishikwe na nyuzi za pande zote mbili. Hapa ndipo penye uzito: nakala zisipoachana sawasawa, seli mpya hupata idadi isiyo sahihi ya kromosomu.

Meiosisi, mgawanyiko unaotengeneza mayai na mbegu za kiume, hupunguza kromosomu hadi 23. Jozi ya 21 isipoachana, mtoto anaweza kuzaliwa na kromosomu 47, yaani hali iitwayo Down (Down syndrome).

Saratani nayo? Breki kama protini p53 zikiharibika, seli yenye DNA mbovu huendelea kugawanyika badala ya kusimama au kujiua.