Omba uhakiki kabla kitabu hakijatoka

Riwaya yangu ya kwanza ilipotoka, niliwaomba ndugu na marafiki waiandikie maoni. Ndani ya siku tatu nilikuwa na maoni kumi na moja, yote ya nyota tano. Wiki iliyofuata karibu yote yalikuwa yamefutwa. Duka la mtandaoni halikukosea. Sheria zake zilikataza jamaa wa mwandishi kuhakiki kitabu chake, nami sikuzisoma. Na hata yangebaki, "Kitabu kizuri sana, hongera!" kingemsaidia nini msomaji asiyenijua?

Riwaya ya pili, ya upelelezi, niliituma miezi miwili kabla haijatoka, kwa watu ishirini wanaopenda hadithi za aina hiyo na wasionifahamu. Niliwaambia nakala ni ya bure, hakuna deni, na atakayeandika aseme wazi kwamba alipewa. Saba waliandika. Mmoja alinipa nyota tatu: mwanzo unajikokota, ila mazungumzo ya mama na binti yake yalimfanya asikiweke kitabu chini.

Iliniuma. Usiku ule nilisoma sura ya pili kwa sauti, nikakuta kurasa nne za mpelelezi ndani ya basi, anatazama dirishani na kukumbuka utoto wake. Hakuna anayezungumza, hakuna kinachotokea. Nilizikata zikabaki aya mbili.

Ndiyo maana nasisitiza kuomba mapema. Kwenye KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia iliyoanza mwaka 2007, unaweza kupakia faili iliyosahihishwa hata kitabu kikiwa sokoni, lakini haimfikii moja kwa moja kila aliyekwisha kununua. Huyo atabaki na basi lako.

Yule msomaji sikumjibu hadharani, hata kwa shukrani. Mwandishi akiingia kwenye maoni, wengine huanza kupima maneno yao.

Nami ninapohakiki kazi za wenzangu, sikubali ya nisifu nikusifu. Natafuta ukurasa mmoja ulionishika, nauelezea, kisha nasema ni nani ambaye kitabu hicho hakitamfaa. Hilo la mwisho waandishi wengi hulichukia mwanzoni. Lakini anayetaka mapigano kila sura akinunua hadithi ya maombolezo, atakasirika bure, na hasira yake itamwangukia mwandishi aliyeandika vizuri tu.