Simba wa Polandi, waoga wa Italia: nani aliwapa majina hayo?

Majuma mawili yaliyopita niligusia hapa vita ya Keren, mji wa Eritrea, ya mwaka 1941 kati ya Waitaliano na Waingereza, nikasema Waitaliano walipigana kiume. Kumbe nilikuwa nimechokoza nyuki. Wengine mmenicheka, wengine mmeniuliza kwa nini nawasifu hao na kuwaacha Wapolandi, "ambao ndio askari". Haya, tuyachukue maswali yenu moja moja.

Shikamoo mzee. Shuleni tuliambiwa kwamba mwaka 1939 Wapolandi walivivamia vifaru vya Wajerumani wakiwa juu ya farasi, mikuki mkononi. Ule ulikuwa ushujaa au ujinga? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Haukuwa ushujaa wala ujinga, kwa sababu mambo hayakwenda hivyo.

Jioni ya tarehe 1 Septemba 1939, siku ya kwanza ya vita, askari farasi wa Polandi waliwakuta askari wa miguu wa Kijerumani wamepumzika uwandani karibu na kijiji cha Krojanty. Kanali Kazimierz Mastalerz akaamuru washambuliwe kwa ghafla, na Wajerumani wakatawanyika. Ndipo yakatokea magari ya deraya yenye bunduki za rashasha. Wapanda farasi kama ishirini waliuawa, kanali mwenyewe akiwamo. Baadaye Wajerumani wakawaleta waandishi wa habari, wakaiona mizoga ya farasi, na vifaru ambavyo vilifika shambulizi lilipokwisha vikiwa hapo hapo. Hadithi ikajitunga. Miongoni mwa walioieneza alikuwamo Indro Montanelli, mwandishi maarufu. Raia wa wapi? Italia.

Kwa kawaida farasi wa Polandi walikuwa usafiri tu. Askari walishuka, wakapigana kwa miguu, na walikuwa na mizinga ya kupigia vifaru. Siku hiyo hiyo, kijijini Mokra, brigedi moja ya wapanda farasi iliizuia divisheni nzima ya vifaru kuanzia asubuhi hadi jioni. Mokra haijulikani shuleni, Krojanty inajulikana.

Na ukitaka kweli askari aliyevamia kwa farasi mbele ya mizinga na magari ya deraya, mtafute karibu na kwetu. Januari 1941, huko Keru, Eritrea, Amedeo Guillet aliwaongoza wapanda farasi wa Kiafrika dhidi ya Waingereza ili kuwapa wenzake nafasi ya kurudi nyuma. Alikuwa Mwitaliano. Agosti 1942, karibu na mto Don huko Urusi, kikosi cha Kiitaliano cha Savoia Cavalleria kiliwavamia Warusi kwa farasi na panga, na kikashinda. Kama visa hivi viwili vingekuwa vya Wapolandi, kila mtoto wa shule angevijua.

Marehemu babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki). Alisema Waitaliano walinyoosha mikono hata kabla hujaikoki bunduki. Na wewe unasema walipigana kiume? (Msomaji, Nakuru)

Babu yako alisema alichokiona, na wala sibishani naye. Kati ya Desemba 1940 na Februari 1941, huko Misri na Libya, jeshi la Uingereza na makoloni yake lililokuwa na watu wapatao 36,000 liliteka Waitaliano zaidi ya 130,000. Idadi ya namna hiyo humpa mtu jina baya kwa miaka mia.

Lakini tazama walichopewa. Bunduki iliyobuniwa mwaka 1891. Vifaru vidogo vya L3, visivyo na mzinga, ambavyo risasi nzito tu ilivitoboa. Askari wa miguu walipelekwa jangwani bila malori ya kuwatosha, wakapambana na adui anayetembea kwa injini. Mussolini aliingia vitani tarehe 10 Juni 1940 Ufaransa ilipokuwa tayari inaanguka, akidhani vita imekwisha na kilichobaki ni kugawana nyama. Hakuwa amejiandaa kuwinda.

Huku kwetu, jeshi lao la Eritrea, Ethiopia na Somalia lilikatiwa njia tangu siku ile. Petroli, matairi, vipuri, hakuna kilichopita Suez. Mtu aliyezingirwa hivyo, na haoni msaada unatokea wapi, husalimu amri. Hata hivyo Keren ilisimama tangu mwanzo wa Februari hadi tarehe 27 Machi 1941, na Wahindi waliokuwa wakipanda ile milima chini ya bendera ya Uingereza walikufa kwa mamia. Na tusisahau kwamba wengi wa walioilinda Keren walikuwa askari wa Kieritrea. Anapocheka mtu kwamba "Waitaliano walikimbia", au akisifu kwamba walisimama, hao hawamo kabisa kwenye hesabu.

Tena kuna Waitaliano sita wa jeshi la majini. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 1941 waliingia bandari ya Alexandria wakiwa wamepanda vyombo vitatu vya chini ya maji, wawili wawili, wakalipua manowari mbili kubwa za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant. Penye chombo kizuri na kazi inayoeleweka, huyo ndiye Mwitaliano yule yule.

Ukipita Nyeri, lipo kanisa la Waitaliano ambapo amezikwa Amedeo mwingine, Duke wa Aosta (cheo cha ukoo wa kifalme), aliyeliongoza jeshi lao huku. Alisalimu amri Amba Alagi, Ethiopia, Mei 1941, Waingereza wakampa heshima za kijeshi, akafia Nairobi mwaka uliofuata akiwa mateka. Amezikwa pamoja na mamia ya askari wake.

Tatizo langu na Waitaliano si uoga, ni ukigeugeu. Mara huku, mara kule. Nani atamwamini mshirika huyo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapo una hoja, ila ielekeze kwa mhusika. Tangu 1882 Italia ilikuwa na mkataba na Ujerumani na Austria. Vita vilipoanza 1914 ikakaa pembeni, na Mei 1915 ikajiunga na upande wa pili baada ya kuahidiwa ardhi. Mwaka 1943 ikageuka tena. Ni ukigeugeu wa mawaziri na wafalme.

Askari walipata nini? Tarehe 8 Septemba 1943 redio ilitangaza kwamba wameacha kupigana na Waingereza na Wamarekani. Usiku ule mfalme na waziri mkuu Badoglio wakatoroka Roma bila kuwaachia makamanda maagizo ya maana. Wajerumani wakawakusanya askari wa Italia zaidi ya 600,000 na kuwapeleka kambini. Waliambiwa: kubalini kupigana upande wetu, mtatoka. Wengi wao walikataa, wakabaki na njaa na kazi za sulubu. Kisiwani Cefalonia, Ugiriki, divisheni ya Acqui ilikataa kusalimisha silaha, na maelfu wakauawa, wengi wakiwa wamekwisha kujisalimisha. Kama huo ni ukigeugeu, basi neno limebadilika maana.

Wapolandi waliwapigania Waingereza. Walilipwa nini? (Msomaji, Mombasa)

Walilipwa sifa.

Mwaka 1940 marubani wa Kipolandi 145 walipigana katika anga ya Uingereza. Kikosi chao cha 303 kilidai kuangusha ndege 126 katika muda wa majuma sita hivi. Wanahistoria wameipunguza hesabu hiyo, lakini kimebaki miongoni mwa vikosi bora kabisa vya vita ile. (Aliyeongoza kwa kuangusha ndani ya kikosi hicho alikuwa Mcheki, Josef František.) Mei 1944 ni wao waliochukua magofu ya Monte Cassino, Italia, baada ya wengine kushindwa tangu Januari. Septemba 1944 huko Arnhem, Uholanzi, jenerali wao Sosabowski alitilia shaka mpango wa kuwadondosha askari wa miavuli, na mpango ulipoharibika akabebeshwa lawama, Desemba akaondolewa. Waholanzi walimpa nishani mwaka 2006, akiwa kaburini.

Februari 1945, kwenye mkutano wa Yalta, Churchill na Roosevelt wakakubali mashariki ya Polandi iwe ya Stalin. Wengi wa askari wa Jenerali Anders, kamanda wa Wapolandi waliopigana Italia, walitoka huko huko. Walizisikia habari hizo wakiwa mstari wa mbele Italia, hawana tena nyumba ya kurudi, na Aprili bado wakashambulia Bologna. Gwaride la ushindi la London, Juni 1946, halikuwa na jeshi lao.

Mzee, haya makaburi ya Wapolandi ya Tengeru ni ya askari? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Ni ya ndugu zao: mama, wazee, watoto. Stalin aliwahamishia familia hizo Siberia na Kazakhstan, wakaachiwa baada ya Hitler kumvamia, wakatoka kupitia Uajemi mwaka 1942. Wanaume wakaingia jeshi la Anders, familia zikaletwa huku. Tengeru ilikuwa na watu wapatao 5,000. Uganda walikaa Koja na Nyabyeya, Masindi, ambako kanisa walilojenga bado lipo.

Ni kweli kuna Wapolandi waliojiunga na weusi Haiti? (Msomaji, Goma)

Baadhi, ndiyo. Napoleon alipeleka kule Wapolandi wapatao 5,000 mwaka 1802 na 1803 kuzima mapinduzi. Wengi walikufa kwa homa ya manjano, wachache wakahamia upande wa Wahaiti. Katiba ya 1805 ya Dessalines, mtawala wa Haiti huru, iliwakataza wazungu kumiliki ardhi, isipokuwa Wapolandi na Wajerumani waliokuwa wamepewa uraia.

Hawa wawili, Wapolandi na Waitaliano, wamewahi kupigana bega kwa bega? (Msomaji, Muscat)

Wamewahi. Mwaka 1944 kikosi cha Waitaliano waliokuwa wamejiunga na Washirika kiliwekwa chini ya Anders, wakasonga pamoja kando ya bahari ya Adriatiki, na Wapolandi wakaingia Ancona tarehe 18 Julai.

Na kuna jambo ambalo ningependa ulisikilize siku ya mpira, timu hizi zikikutana. Wimbo wa taifa wa Polandi ulitungwa Italia mwaka 1797, kwa ajili ya askari wa Kipolandi wa Jenerali Dąbrowski waliokuwa ugenini bila nchi, na kiitikio chake kinamwomba awaongoze kutoka ardhi ya Italia hadi Polandi. Ule wa Italia, wa mwaka 1847, unataja damu ya Wapolandi katika ubeti wa mwisho. Ila ubeti huo hutausikia uwanjani. Wao huimba wa kwanza tu.