Maswali ya wasomaji: Presha ya tumbo ICU

SWALI: Katika ICU yetu hatuna kifaa maalumu cha kupima presha ya tumbo (mgandamizo ulio ndani ya tumbo), kwa hiyo tunatumia mpira wa mkojo na safu ya maji. Mgonjwa mmoja alisomeka 22 usiku na 13 asubuhi, ilhali matibabu hayakubadilishwa. Tuamini ipi?
— Muuguzi, Nairobi

JIBU: Ulizeni kwanza kila namba iliandikwa kwa kipimo gani. Safu ya maji husomwa kwa sentimita, lakini viwango vya hatari vimewekwa kwa milimita za zebaki. Gawanya sentimita kwa 1.36. Kama 22 ile ilikuwa sentimita na 13 ni milimita za zebaki, basi 22 ni kama 16 za zebaki, na pengo kati ya zamu mbili limebaki dogo. Hilo lililobaki huenda ni kitanda: ukiinua kichwa digrii 30, presha hupanda kwa milimita kadhaa.

Mlazeni mgonjwa chali, kitanda kikiwa sawa. Fungeni kwa koleo mrija wa mfuko wa mkojo, chini kidogo ya tundu la kuchukulia sampuli. Kupitia tundu hilo, kwa usafi wa chumba cha upasuaji, ingizeni mililita 25 za salini (maji ya chumvi ya hospitali). Zamani watu waliweka 50 hata 100, na kibofu kilichojaa kikatoa presha yake chenyewe. Kwa mtoto ni mililita 1 kwa kila kilo, kima cha juu 25. Sifuri ya safu ya maji iwe pale mstari wa katikati ya kwapa unapokutana na ukingo wa mfupa wa nyonga. Wengine huiweka kwenye kinena, na hapo ndipo zamu mbili hupishana. Subirini sekunde 30 hadi 60 msuli wa kibofu utulie, kisha someni pumzi inapoishia kutoka.

Kabla ya kuandika, bonyeza tumbo polepole. Maji yasipopanda na kushuka, mpira umeziba au una hewa. Mgonjwa anayekohoa au kupigana na mashine ya kupumulia hapimiki. Mtulizeni maumivu kwanza. Aliyevunjika nyonga na kuvujia damu kando ya kibofu, namba yake ichukuliwe kwa shaka.

Mkimaliza fungueni koleo, na zile 25 zitoeni kwenye hesabu ya mkojo wa saa hiyo. Zikisahaulika, figo inayokufa itaonekana imepona.

Ikiwa milimita 12 za zebaki au zaidi na haishuki, rudieni kila saa 4 hadi 6. Wakati huohuo toeni hewa na uchafu kwa mpira wa pua na wa haja kubwa, na mwambieni daktari apunguze dripu zisizo za lazima. Mara nyingi maji tuliyoyamimina wenyewe ndiyo yamevimbisha utumbo. Maji yaliyojikusanya tumboni yachomolewe kwa kuongozwa na ultrasaundi. Ikibaki juu ya 20 na kiungo kipya kimeanza kushindwa, mpasuaji aitwe saa hiyohiyo. Msitegemee utepe wa kupima kiuno wala mkono: tumbo linaweza kuonekana la kawaida huku mkojo umekauka.

SWALI: Kaka yangu aliungua vibaya. Sasa wamempasua tumbo na kuliacha wazi, limefunikwa plastiki. Je, wameshindwa kulifunga?
— Msomaji, Kayole

JIBU: Pole sana, ndugu. Hawajashindwa, wameliacha wazi kwa makusudi. Aliyeungua hupewa dripu nyingi, na sehemu ya maji hayo huvujia kwenye kuta za utumbo. Tumbo likibana, figo hukosa damu na mapafu hayapati nafasi ya kutanuka, na kufunga kwa nguvu kungerudisha hali hiyohiyo. Plastiki hulinda utumbo, na mara nyingi huwekwa mashine ya kufyonza majimaji. Muulizeni mpasuaji wanatarajia kulifunga lini, kwa kuwa baada ya wiki moja hivi kingo za misuli huanza kusinyaa na kuachana. Likichelewa zaidi, huenda wakafunika kwa ngozi ya kupandikiza, na henia (utumbo kutokeza pale misuli ilipoachana) ikarekebishwa baadaye akishapata nguvu.