Samaki wa kundi: nunua aina moja, nunua wengi

Wengi wanaoanza kufuga samaki wa mapambo hapa Mwanza hununua wawiliwawili: neoni wawili, danio wawili, tiger barbi wawili. Baada ya siku chache samaki wamejibanza kwenye kona, hawali, rangi imefifia. Hao ni samaki wa kundi, kama dagaa wa ziwani, na wakiwa wachache huishi kwa hofu. Pesa ya aina tatu iwekeze kwenye aina moja. Sita ndio mwanzo. Kumi ni bora zaidi. Tiger barbi wasipungue wanane, maana wakiwa wachache ugomvi wote humwangukia mnyonge mmoja na mapezi yake huliwa.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linatosha danio au neoni kumi. Usinunue lile jembamba la kwenda juu. Hawa huogelea kwa mlalo. Weka mfuniko, danio huruka.

Kama huna hita, chukua danio. Wanavumilia nyuzi 18 hadi 25, hivyo baridi ya usiku wa Juni na Julai haiwasumbui ndani ya nyumba. Neoni ni wa Amazon. Wape nyuzi 24 na hita ya wati 50.

Maji ya bomba yana klorini: yaache kwenye ndoo wazi saa 24, ukiweza yapulizie hewa. Usichote ziwani. Utaleta vimelea tangini, na mikono yako utaiweka kwenye hatari ya kichocho. Mawe yetu ya graniti yanafaa, yasugue tu vizuri. Matumbawe kutoka Pwani yaache, yanaongeza chokaa kwenye maji na neoni hawapendi maji ya namna hiyo.

Kundi linapofia zaidi ni kwenye tangi jipya. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, na bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Basi washa filta (chujio la maji, ndiko bakteria hao hukaa) kwanza bila samaki, ukidondoshea chembe chache za chakula kila siku. Ukipata kipande cha sponji ya filta kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima, muda utapungua sana. Ukipima maji na amonia na nitriti zikisoma sifuri, ingiza sita kwa pamoja, wanne waliobaki baada ya wiki mbili. Wakipanda juu kuhema, badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo na usiwalishe.

Baadaye badilisha robo ya maji kila wiki. Sponji isuuze kwenye yale maji uliyoyatoa tangini. Klorini ya bomba inaua bakteria wako.

Kwa sababu ya kukatika umeme, napendekeza filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Umeme ukikatika, unahamishia mpira wa hewa kwenye pampu ya betri na bakteria wanaendelea kupata hewa. Filta ya boksi iliyozimika kwa saa nyingi usiiwashe kabla ya kumwaga maji yaliyooza ndani yake.