Alaska kuona nyangumi na dubu: nimepanda meli kubwa, nikapanda na ndogo

Wakuu salaam. Kaka wa Houston ameuliza swali na naona majibu mengi yanatoka kwa watu ambao Alaska wameiona kwenye kalenda. Kwa atakayeingia sasa: yeye na wifi wanataka kwenda kiangazi kijacho, siku 7, na kilio chao ni wanyama, hasa nyangumi na dubu. Wamepata meli ya abiria 3,000 kwa dola 950 kwa kichwa, na nyingine ya abiria 60 kwa dola 6,400. Anauliza kama hiyo tofauti ni ya wanyama au ni ya kuringia watu tu.

Jibu la haraka: kidogo ni ya wanyama, kidogo ni ya sheria, ya kuringia haimo. Mwenye haraka aishie hapo.

Mara ya kwanza ilikuwa Juni 2018. Bi mkubwa alikuwa amekuja kutoka Tanga kunitembelea hapa Tacoma, nikaona asirudi bila kuona kitu cha kusimulia. Tukapanda meli kubwa Seattle. Ghorofa 14, lifti zinapanda na kushuka kutwa, chakula usiku na mchana. Siku ya kuingia Glacier Bay askari wa hifadhi walipanda melini asubuhi, mmoja akashika kipaza sauti akawa anatuelekeza kwa mishale ya saa: omo ya meli ni saa sita, ubavu wa kulia ni saa tisa. Ikatoka sauti kwamba kuna nyangumi, mimi nikamtafsiria mama haraka haraka: "Mama, nyangumi saa nane!" Mama akatazama saa yake ya mkononi. "Sasa hivi saa nne kasoro. Twende tukanywe chai kwanza."

Hadi namaliza kucheka na kumwelewesha, tukasukumana kwenye lifti na watu wenye makoti manene, tukafika juu, nyangumi walishabaki tezi. Niliona mkia, mdogo kama kipepeo cha kupepea mkaa. Na ndivyo ilivyokuwa wiki nzima. Tuliwaona nyangumi mara saba au nane, kila mara tukiwapita. Meli kubwa haiwezi kusimama kwa ajili ya mnyama. Ina gati linaloisubiri bandari ya Ketchikan saa fulani, na nyuma yake kuna nyingine inalisubiri gati hilo hilo. Dubu hatukuona hata mmoja. Kutoka ghorofa ya 14, ufukwe ukiwa kilomita mbili, dubu ni doa.

Lakini tuseme haki. Kwa barafu, meli kubwa haikunipunja kitu. Tulisimama mbele ya Margerie, ule mto wa barafu unaoishia baharini, karibu saa nzima, nahodha akaizungusha meli polepole ili walio kushoto na kulia wote wapate. Kipande cha barafu kinapomeguka unakiona kwanza, kishindo kinakuja baadaye, kama radi. Mama alikuwa amejifunga kanga juu ya koti, anasema Subhanallah kila kinapoanguka. Halafu ana goti bovu. Kule kulikuwa na lifti, daktari, na kiti cha kukalia kila unapogeuka. Kama mnasafiri na wazazi, msijadili sana.

Meli ndogo nilipanda Septemba 2023 na mume wangu, tumedunduliza miaka mitatu. Inaanzia Juneau inaishia Sitka, abiria hatukufika 60. Siku ya tatu, jioni, maji yamekupwa, tukaona dubu wa kahawia ufukweni kwenye kisiwa cha Chichagof. Nahodha akatia nanga, tukashushwa kwenye boti za mpira, injini ikazimwa, tukaachwa tunaelea. Yule dubu anageuza mawe. Si kwa papara, anageuza moja moja kama mama anayechambua mchele, analamba kilicho chini, anasonga mbele. Tulikuwa karibu kiasi cha kusikia mawe yakigongana, na kitu kama magamba kikivunjika menoni. Hakuna aliyesema neno, hata yule mzee wa meza yetu aliyekuwa haachi kuhadithia upasuaji wake wa nyonga. Tulikaa dakika 50. Chakula cha jioni kilipoa.

Hapo ndipo pesa yako inapokwenda, kaka. Unanunua nahodha anayeweza kusema "tubaki." Visiwa vya Admiralty, Baranof na Chichagof dubu wa kahawia wamejaa, Admiralty peke yake inakadiriwa ina 1,600 hivi, na wenyeji wa Kitlingit wanaiita Kootznoowoo, yaani ngome ya dubu. Maji yakikupwa wanashuka ufukweni, na samaki wa samoni wakianza kupanda mitoni, kati ya Julai na Septemba, wanakusanyika kwenye mito. Meli kubwa inapita mbele ya visiwa hivyo hivyo, tena mara nyingine usiku ukiwa umelala.

Na nyangumi? Hawa wenye nundu ni aina ile ile inayopita kwetu Mafia na Zanzibar kati ya Julai na Oktoba. Tofauti ni kwamba kwetu wanakuja kuzaa na kunyonyesha, hawali. Wa Alaska wanazalia Hawaii, wakifika kule kaskazini ni kula tu, na kula kwao ndiko kunakotazamwa. Asubuhi moja nahodha alizima injini, akashusha kipaza sauti majini tuwasikilize. Kundi linazama, mmoja anazunguka chini akipuliza mapovu, mapovu yanapanda kama ukuta wa duara, samaki wadogo wanabanana katikati. Huku juu unasikia mlio mmoja mrefu unaopanda, kama tarumbeta ya beni. Kisha kimya. Kisha shakwe wote wanakimbilia sehemu moja, na wavuvi wetu wa Tanga wangejua maana yake: chini yao maji yanapasuka, vinywa vinane au tisa viko wazi kwa pamoja. Tuliliona hilo mara sita kabla kundi halijahama.

Msidhani lakini kwamba meli ndogo itakuweka mgongoni kwa nyangumi. Sheria inakataza kumsogelea ndani ya yadi 100, yaani mita 91, chombo kiwe kikubwa au kidogo, na ndani ya Glacier Bay umbali ni mkubwa zaidi. Karibu unayoiona ni kwa sababu uko mita tatu juu ya maji na si arobaini.

Sasa ubaya wake. Chumba chetu kilikuwa cha kugeuka kwa zamu. Bafu na choo ni kitu kimoja, ukioga unakiosha na choo. Mnyororo wa nanga uko karibu na kichwa chako, saa kumi na moja alfajiri unavutwa. Lifti hamna, daktari hamna, ngazi ni za kushuka kinyumenyume. Ndani ya visiwa bahari ni shwari kama bwawa, lakini siku tuliyovuka mlango wa bahari wa Chatham Strait upepo ulikuwa wa kusini na chombo kikaenda mrama mchana kutwa. Mimi mtoto wa pwani, niliyekuwa nawacheka wa bara pantoni, nililevywa na mawimbi nikatapikia kwenye mfuko wa karatasi mbele ya watu. Basi na waliosema ndogo zinayumba, mko sahihi kwa siku moja kati ya saba.

Kuhusu bei. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia chombo chenye bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari mbili za Marekani. Meli kubwa nyingi zina bendera za Bahamas, Panama au Bermuda, ndiyo maana zinazotoka Seattle lazima ziguse Kanada, kwa kawaida Victoria, tena mara nyingi usiku wa mwisho ambapo hata huoni kitu. Ndogo zinazoanzia na kuishia Alaska ni za bendera ya Marekani, zimejengwa Marekani, mabaharia wanalipwa mishahara ya Marekani, na gharama yote inagawanywa kwa watu 60. Na hiyo 950 yako ni bei ya mlangoni tu. Ongeza kodi za bandari, bakshishi ya kila siku, intaneti na matembezi ya kila bandari; sisi ilikaribia mara mbili. Kwa ndogo, matembezi yalikuwa ndani ya bei, ila ongeza tiketi ya ndege, maana Juneau haina barabara ya kutoka nje.

Ningekuwa wewe, nikiwa na bajeti ya kubanabana, ningefanya hivi: chukua meli kubwa, chumba cha ndani kisicho na dirisha, usinunue roshani. Roshani inaona upande mmoja na mnyama hutokea upande wa pili; kaa sitaha ya mbele na darubini. Pesa uliyookoa ilipie boti ndogo ya nyangumi pale Juneau, zinatoka Auke Bay, safari inachukua kama masaa matatu hivi. Tafuta ya viti visivyozidi 20, na uhakikishe muda wa kurudi, meli haikusubiri. Ratiba iwe imeandikwa Glacier Bay kwa jina, maana meli kubwa zinazoruhusiwa humo ni mbili tu kwa siku na nyingine hupelekwa kwingine. Kama unaogopa mawimbi, pandia mji wa Vancouver, Kanada. Nyingi za Seattle hupita nje ya kisiwa cha Vancouver, bahari wazi. Kwa mpango huu nyangumi utawaona vizuri. Dubu, bahati nasibu. Kama dubu ndiye anayewatoa nyumbani, subirini mwaka mmoja mdundulize, mchukue ndogo mwanzoni mwa Septemba. Mvua ipo, Ketchikan hunyesha zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, lakini bei hushuka na dubu wako mitoni.

Aliyeuliza pale juu kuhusu Galápagos: huko huna cha kuchagua, chombo cha zaidi ya abiria 100 hakiruhusiwi kuzunguka visiwa. Antaktiki meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu nchi kavu kabisa, na hata ndogo zaidi hushusha watu wasiozidi 100 kwa wakati mmoja. Tafuta hiyo namba kabla ya kutazama picha za vyumba.

Kaka, jambo la mwisho, hili lilinitoa jasho. Ikiwa meli inagusa Victoria, mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Kanada hata kama hatashuka gatini, na viza yake ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya mama tuliipata zikiwa zimebaki siku nne. Wenye grini kadi wanaingia Kanada kwa kadi hiyo pamoja na pasipoti ambayo haijaisha muda. Hujasema wewe na wifi mna karatasi gani, kwa hiyo anzia hapo kabla hujalipa hata senti ya kushikia nafasi.