Maswali ya wasomaji: Pete imegota kwenye fundo

Barua za safari hii karibu zote ni za pete za ndoa, na nyingine zimeandikwa na watu waliokwisha lipa. Tunaanza na kosa linalojirudia.

Salaam wahariri. Nilizungushia uzi kidoleni nikapata milimita 54, nikaagiza pete ya saizi hiyo, upana milimita 7. Imefika, inagota kwenye fundo la kidole. Sonara kakosea au mimi? – Bwana harusi wa mwezi ujao

Ndugu yetu, sonara huenda hana kosa. Hapo yamekutana mambo matatu. Uzi ukivutwa hurefuka na kujichimbia kwenye nyama, kwa hiyo kipimo kinatoka kidogo kuliko kidole chenyewe. Katika vipimo vya Marekani nusu saizi ni kama milimita 1.3 tu za mzingo. Uzi ukikudanganya milimita mbili, nusu saizi imeshapotea. Pili, ulipima shina la kidole, na pete hupita kwanza kwenye fundo. Tatu, pete pana hubana kuliko nyembamba ya saizi ileile kwa sababu inakamata nyama nyingi zaidi. Kuanzia milimita 6 hivi kwenda juu, mara nyingi huongezwa nusu saizi.

Rudia kwa karatasi. Kata ukanda wenye upana wa pete unayoitaka, uzungushe kwenye fundo bila kukaza, weka alama kwa kalamu ya ncha nyembamba pale unapokutana, kisha ulaze kwenye rula. Fanya hivyohivyo kwenye shina. Tuseme fundo limetoa 58 na shina 55: anza kujaribu ya 57, maana ngozi ya fundo hujikunja na kuipisha. Sonara akikuuliza kipenyo, gawanya mzingo kwa 3.14, 57 inakupa milimita 18 na ushee. Pima jioni, mwili ukiwa umetulia, angalau siku tatu tofauti. Vidole vya asubuhi yenye baridi hudanganya, na vya baada ya mazoezi au mlo wa chumvi nyingi hudanganya upande wa pili. Usipime mkono wa kulia kwa pete ya kushoto. Ule unaoufanyia kazi zaidi huwa na vidole vinene kidogo.

Hata hivyo karatasi inakupa kipimo cha kukaribia tu. Neno la mwisho ni la pete za kupimia alizonazo sonara, na mwombe zile pana. Saizi sahihi huingia kwa kusukumwa kidogo, na haitoki mpaka uizungushe huku unaivuta. Ning'iniza mkono, utikise: ikisogea kuelekea ncha, ni kubwa. Kama fundo lako ni kubwa sana kuliko shina, pete itapita kisha izunguke ovyo. Dawa yake ni punje mbili ndogo za dhahabu kulehemiwa ndani, upande wa kiganja. Uliza pia pete ambayo upande wa ndani umeviringwa badala ya kuwa bapa; hiyo huteleza kwenye fundo na haikati ngozi ukikunja ngumi.

Hiyo uliyonayo, ikiwa ni dhahabu tupu isiyo na mawe, hutanuliwa saizi moja au mbili bila taabu. Zaidi ya hapo hukatwa na kuongezewa kipande.

Mimi ni fundi magari. Nichukue karati 18 au 14? Mchumba wangu anasema 18 ndiyo dhahabu, hizo nyingine ni utani.

Zote ni dhahabu. Karati 24 ni dhahabu safi, laini mno kwa pete ya kila siku. 18 ni sehemu 750 za dhahabu katika 1,000, na 14 ni 585. Zilizobaki ni metali kama shaba na fedha, ambazo ndizo huipa ugumu. Tazama ndani ya pete kwa kioo cha kukuzia, utaona imechapwa 750, 585 au 375 (hii ya mwisho ni karati 9). Chapa peke yake si ushahidi, kwani hata ya bandia huchapwa, kwa hiyo ipimwe mbele yako na risiti iandike karati na uzito.

Kwa mikono yako tungechukua 14. Ila unene ni muhimu kuliko karati: chini ya milimita 1.5 pete hupinda na kuwa yai. Wauzaji wengine huonyesha upana na kunyamazia unene, kwa hiyo ipime kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene). Na karati yoyote utakayochagua, ivue kabla ya kushika injini au betri. Pete ikigusa nguzo chanya ya betri na bodi ya gari kwa pamoja hupata moto papo hapo na kuchoma kidole kuizunguka. Dawa za klorini za kupaushia nguo nazo hula zile metali zilizochanganywa, na pete hupata nyufa usizoziona.

Je, pete ya tangsteni nyeusi, ile metali ngumu, inafaa? Wameniambia haichubuki kamwe.

Ni kweli huchubuka kwa shida. Lakini ugumu huo ndio unaoifanya ipasuke ikianguka vibaya kwenye sakafu ya vigae. Haitanuliwi wala kupunguzwa. Kidole kikinenepa unanunua nyingine. Weusi ni tabaka la juu tu, nalo huisha kwenye kingo kwanza. Ukiitaka, ichukue ukijua hayo.

Pete yangu ya dhahabu nyeupe imeanza kuwa ya njano kwa chini. Nimeibiwa? – Mke mwenye wasiwasi

La hasha, dada. Dhahabu nyeupe nyingi huchovywa rodiamu, metali nyeupe, ili ing'ae, na tabaka hilo huisha upande wa kiganja kwanza kwa sababu ndiko kunakosuguliwa. Sonara huichovya tena. Kama umeona pia vipele au muwasho, huenda mchanganyiko una nikeli. Hapo usichovye tena na tena, badili metali. Platinamu yenye chapa 950 haihitaji kuchovywa, ingawa ni nzito na hufifia mng'ao.

Ninapenda zumaridi kuliko almasi. Itadumu kwenye pete ya kila siku?

Vumbi la kawaida lina chembe za kwazi (madini ya mchanga) zenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe. Kito kilicho chini ya hapo huchubuka hata ukikifuta kwa kitambaa kikavu. Almasi ni 10, yakuti 9, zumaridi 7.5 hadi 8, lulu 2.5 hivi. Kwa hiyo zumaridi haichubuki kirahisi, shida yake ni nyufa za ndani ambazo huifanya ikatike ikigongwa. Jiwe lizungushiwe ukingo mzima wa dhahabu badala ya kushikwa na kucha nne (vijino vya metali vinavyolishika), na usikubali lisafishwe kwenye mashine ya mtetemo. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki wa mtoto vinatosha.

Kucha hizo za pete hulegea kimyakimya. Iweke pete karibu na sikio, igonge kwa ukucha. Ukisikia mchakacho, usiivae mpaka ikazwe. Na muuzaji akitaja karati za jiwe, ni uzito, gramu 0.2 kwa kila karati moja, si usafi kama wa dhahabu.

Imekwama tangu jana. Nifanyeje?

Kidole kikiwa cha bluu au kimekufa ganzi, nenda hospitali sasa hivi. Kama sivyo, inua mkono juu ya kichwa kwa dakika 5, paka sabuni. Ikikataa, pitisha ncha ya uzi laini chini ya pete kuelekea kiganjani, kisha uzungushe upande mrefu kuanzia ukingo wa pete hadi kupita fundo, mizunguko ikigusana bila kuacha nafasi. Shika ile ncha fupi na uifungue polepole kuelekea kwenye kucha. Pete itapanda juu ya uzi. Ikishindikana hospitali wataikata, na iliyokatwa mara moja upande wa kiganja sonara huiunga vizuri.