Albumini inashuka na mgonjwa anakula: kagueni na mrija wa shingoni

Mkuu, pole sana kwa kuuguza. Umesema mzee ana mwaka wa pili anasafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, albumini (protini ya kwenye damu) inazidi kushuka, na nyumbani mmegawanyika: wengine wanataka aongezewe nyama na mayai, wengine wanasema protini itamuua. Nimemuuguza mama yangu miaka minne kwenye hali hiyo hiyo.

Hofu ya protini iacheni. Kabla ya mashine mama aliambiwa apunguze, na ilikuwa sahihi. Akishaanza, hesabu inageuka: anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, maana kila akikaa kwenye mashine anapoteza kama gramu 6 hadi 12 za asidi amino. Sisi tuliendelea kumnyima miezi kadhaa, kwa mapenzi kabisa, na mpaka leo inaniuma.

Ila hata tulipoanza kumlisha vizuri, albumini iligoma kwenye 3.1. Nesi mmoja akashauri CRP ipimwe, kipimo cha damu kinachoonyesha mchochota (inflammation) mwilini. Ikarudi juu sana. Chanzo kilikuwa maambukizi kwenye mrija wa shingoni wa kuunganishia mashine, uliokaa muda mrefu tukisubiri fistula (mishipa ya mkono iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine itumie hapo) ikomae. Homa hakuwa nayo, ni kutetemeka kidogo tu akiunganishwa, na chakula hakimwingii. Mwili ukiwa na mchochota, ini hupunguza kutengeneza albumini, misuli inaliwa, hamu ya kula inakufa, na mishipa ya damu nayo inaharibika. Ndiyo maana wenye albumini ndogo na CRP kubwa hufariki mapema zaidi, wengi kwa moyo. Mrija ulipotolewa na dozi ya antibiotiki kuisha, mama aliomba chakula mwenyewe.

Na mizani isiwadanganye. Mama alibaki kilo 58 muda wote huo, kumbe nyama inaondoka na maji yanakaa mahali pake. Niliona kwenye kitambaa cha kupimia presha: kila mwezi kilizidi kuzunguka mkono wake. Usiku akilala chali anahema. Uzito mkavu (uzito anaopaswa kubaki nao baada ya mashine kutoa maji ya ziada) uliposhushwa kilo 3, akalala.

Kliniki ijayo ombeni CRP, kagueni mrija, fizi na vidonda vya miguu, na mwulizeni daktari uzito mkavu ulipangwa lini. Mayai mpeni. Kama ana vidonge vya kuzuia fosforasi ya chakula isiingie mwilini, avimeze pamoja na chakula, siyo baadaye.